Mtaa wa Bado Moja

Namna nilivyofika Shartini haina faida kwa msomaji. Nchi nyingi nimezifikia kwa kukosea njia, na hii nayo ni hivyohivyo. La kusema ni kwamba nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti, nikapewa maji, na kabla sijayamaliza nilikuwa nimeshavunja sheria.

Nilisema tu, "Haya maji yana baridi kweli."

Mwenyeji wangu, jamaa mnene mcheshi aitwaye Kombo Tindo, akaangalia kushoto na kulia, kisha akaniinamia sikioni.

"Sema inasemekana, ndugu yangu."

"Inasemekana nini?"

"Inasemekana yana baridi. Kwani wewe una shahada?"

Sikuwa nayo. Elimu yangu niliipatia barabarani, na barabara haivishi mtu joho. Kombo akacheka hadi tumbo likamtikisika, akanieleza kwamba katika nchi yao hakuna ruhusa ya kunena kwa uhakika habari za joto, uzito, mwanga wala mwendo mpaka uwe na shahada ya kwanza ya fizikia. Asiye nayo atatanguliza "inasemekana". Nilidhani ananitania. Lakini mchana wa siku hiyohiyo nilimsikia mama mmoja aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa akipiga kelele jikoni, "Jamani, inasemekana naungua!" Na jirani yake akaitika kwa upole, "Pole, inasemekana inauma."

Niwe mkweli, sheria ile haikutungwa na wapumbavu. Waliniambia kwamba zamani kila mtu alikuwa anasema lolote juu ya chochote, watu wakagombana hadi wakachomeana nyumba kwa sababu ya ubishi wa kwa nini mvua inanyesha. Ndipo wakakubaliana kwamba atakayesema kwa uhakika awe amethibitisha kwanza. Mimi nimetoka katika nchi ambazo kila mtu ana uhakika, tena asubuhi kabla ya chai, kwa hiyo sikuona la kuwacheka hapo. Kicheko kilikuja baadaye, kwenye masharti.

Masharti yamechongwa juu ya lango la Chuo. Ya mwanzo ni ya haki kabisa. Hesabu za Mwanzo kabla ya Mwendo, Mwendo kabla ya Joto, Joto kabla ya Mwanga. Hakuna mtu mwenye akili atakayepinga. Lakini kadiri macho yako yanavyopanda, maandishi yanazidi kuwa madogo na masharti yanazidi kuwa mengi. Kuna Somo la Foleni, ambalo ni la lazima kwa wote. Nilimuuliza Mratibu Mkuu, Bwana Sengondo, foleni inahusiana nini na fizikia. Alinitazama kwa huruma.

"Hatutaki kuzalisha wanafizikia watupu, Bwana Mgeni. Tunataka binadamu kamili."

Darasa la Foleni lina ukumbi mdogo, kwa hiyo wanafunzi humaliza muhula mzima wakiwa kwenye mstari nje ya mlango. Wachache wanaobahatika kuingia hutiliwa shaka kwamba wamewaruka wenzao, na wengi wao hufelishwa.

Tena kuna sheria ya kuchacha. Wenyeji wa Shartini wanaamini kwamba somo ulilofaulu, likikaa muda mrefu bila kukamilishiwa shahada, huchacha kama uji uliosahauliwa. Likichacha, unalirudia. Sasa, mwalimu wa Mwanga yuko likizoni. Yuko likizoni tangu watu wazima wa leo wakiwa watoto, na hakuna anayeikumbuka sura yake, ila haruhusiwi kuteuliwa mwingine wa kudumu maana yeye hajajiuzulu. Watu wanamngoja. Wakati wanamngoja, Hesabu zao zinachacha, wanazirudia. Wakizirudia, Mwendo unachacha. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtaa mkubwa kuliko yote mjini, nyuma ya ukuta wa Chuo, unaoitwa Bado Moja.

Humo wanaishi wote waliobakiza somo moja. Wamejenga, wameoa, wamepanda migomba. Salamu yao si hujambo wala habari gani. Ni "Umebakiza?" nawe unaitika, "Moja tu." Nilihudhuria harusi ambayo bibi harusi alikuwa amebakiza Joto lililomchachia na bwana harusi Mwanga, na mshenga akawaombea dua wasaidiane. Watu wakaitikia amina bila kucheka. Mimi peke yangu ndiye niliyekohoa.

Nilipangishiwa chumba kwa mwanamke mmoja wa mtaa huo, Bi Mwatumu, dada yake Kombo. Alikuwa mtu wa makamo, mvi zimeanza kumwingia pembeni mwa kichwa, mwenye macho ya mtu anayesikiliza hata anaponyamaza. Kazi yake ilikuwa kushona na kupanua majoho ya wahitimu. Majoho ya wenzake, ndiyo. Alikuwa akimpima mtu mabega, akimtania kwamba shahada humnenepesha mtu, kisha akirudi kwenye cherehani yake, akitia uzi kwenye tundu la sindano kimyakimya.

Jioni watoto wa mtaa walimiminika uani kwake, maana yeye alikuwa haufukuzi ule msururu wa maswali yao.

"Bi Mwatumu, kwa nini jiwe nikilirusha linarudi?"

"Inasemekana linavutwa."

"Na nani?"

"Inasemekana na ardhi."

"Wewe hujui?"

Watoto wakicheka, naye akicheka nao, lakini niliona anauma uzi kuukata hali mkasi uko pajani. Alichokitaka Mwatumu duniani kilikuwa kimoja: kufungua darasa la watoto wale, asimame mbele yao, aseme jambo moja bila ile inasemekana. Bila shahada, hilo ni kosa la kufungiwa nyumba.

Yeye aliwahi kubahatika. Mwanga aliufaulu kwa mwalimu wa muda, aliyekuja akaondoka katika msimu mmoja wa mvua. Alichobakiza ni Bembea. Na Hesabu zake za Mwanzo, ambazo zilishachacha mara moja akazirudia pamoja na vijana wanaomwita shangazi, zingechacha tena mvua za mwaka ule zikikatika.

"Zikichacha safari hii, kaka," aliniambia, "mimi sirudi tena. Nitashona majoho mpaka nife. Nimechoka kuanza."

Hapa lazima nieleze Bembea ni nini, maana ndiyo iliyomponza.

Jiwe limefungwa kwenye uzi, limening'inizwa darini. Linasukumwa, linabembea kwenda na kurudi. Kazi ya mtahiniwa ni kuhesabu linabembea mara ngapi katika saa moja, kisha aandike jibu ubaoni. Jibu linajulikana. Limechongwa ukutani, nyuma ya kiti cha mtahini, kwa tarakimu kubwa zilizotiwa rangi ya dhahabu, maana ndiyo namba aliyoipata Mwasisi wa Chuo. Inasemekana siku aliyohesabu kulikuwa na mawingu, na inasemekana alipomaliza aliongeza chache za heshima. Hayo ni maneno ya Bado Moja, siyathibitishi.

Ninachoweza kuthibitisha ni hiki. Saa kubwa ya mji nayo inaendeshwa na jiwe la kubembea, la uzi wa urefu uleule. Jiwe lile likishabembea mara kadhaa, saa inagonga. Mara ngapi? Mara zilezile za ukutani. Kwa hiyo mtahiniwa anasubiri saa igonge, anahesabu, saa inagonga tena, na kila anayehesabu bila kusinzia hupata namba ya Mwasisi. Wao huliona jambo hili kuwa ushahidi mkubwa.

Tatizo ni jua. Saa hurekebishwa kila alfajiri jua linapochomoza, lakini ikigonga saa sita, vivuli vimeshalala upande wa pili. Ikigonga saa kumi na mbili za jioni, watu wameshawasha taa. Wenyeji wanasema jua la kwao lina haraka. Kwa sababu hiyo, madirisha ya ukumbi wa Bembea hufungwa siku ya mtihani, jua lisije likawachanganya watahiniwa.

Nilikuwapo Baraza la Masharti lilipolijadili jambo hili. Mjumbe mmoja kijana alipendekeza ile namba ipunguzwe kidogo tu, ijaribiwe. Bwana Sengondo akainuka taratibu.

"Tukipunguza hata moja," akasema, "wote tuliomo humu tulihitimu nini?"

Kila mmoja akaliangalia joho lake. Hoja ikafa palepale. Waliamua kwa kauli moja kwamba jua lipewe onyo la mdomo. Bwana Sengondo akatoka hadi kwenye ngazi, akakohoa, akainua uso. Wakati huo wingu lilikuwa limetanda, jua halionekani. Akalionya hivyohivyo, na aliporudi alituambia kwamba limesikia, ndiyo maana limejificha.

Mwatumu alishafeli Bembea mara moja. Si kwa kutojua kuhesabu. Uani kwake alitundika jiwe la uzito uleule kwa uzi wa urefu uleule, akasimamisha kijiti, akahesabu kutoka kivuli kilipokuwa kifupi kabisa hadi kilipokuwa kifupi kabisa siku ya pili yake, wakipokezana zamu na Kombo, jiwe likichoka wanalisukuma kidogo. Kombo akasinzia zamu yake ya kwanza, wakaanza upya. Walipogawanya kwa saa za mchana na za usiku, namba ikatoka pungufu ya ile ya ukutani. Wakarudia. Pungufu vilevile. Katika mtihani ule aliiandika yake, na chini yake akaandika kwamba saa ya mji inachelewa. Nasikia mtahini alifuta tu ubao, tena kwa kiganja.

Wiki ya mtihani wa pili, tulikuwa tunakula uani, Kombo akaanza uchokozi.

"Dada, safari hii andika ya ukutani tukale pilau. Nimemwahidi mgeni."

"Na nikijua si kweli?"

"Hesabu vibaya kama wenzako! Kwani unalipenda sana hilo jiwe, umeolewa nalo?"

"Lingekuwa mume lingekuwa na maana," alisema Mwatumu. "Angalau halinidanganyi."

Tulicheka wote. Kisha Kombo akaacha kucheka, akamega ugali, akaushika bila kuula.

"Mimi utani wangu unajua ulivyo," akasema. "Lakini mvua za mwaka huu zimebaki mbili au tatu zikatike. Wale watoto nao wanakua, Mwatumu. Yule mkubwa ameshaacha kuuliza."

Mwatumu akainuka, akaanza kukusanya sahani.

Sheria inataka katika mtihani wa Bembea awepo shahidi asiyejua kitu chochote, ili asipendelee. Nilihojiwa na Mratibu kwa kifupi sana nikaonekana ninafaa. Ndiyo maana nilikuwamo ukumbini.

Mtahini alikuwa Profesa Lumuli, mzee mwembamba mwenye mikono inayotetemeka kidogo, yuleyule aliyefuta ubao kwa kiganja. Madirisha yalifungwa, taa ikawashwa. Saa ya mji ikagonga. Mwatumu akaliachia jiwe, midomo yake ikaanza kwenda. Sijawahi kuona mtu akihesabu namna ile. Alikuwa kama anayemsindikiza mtu mlangoni, hatua kwa hatua. Nje kulikuwa na kelele za mji, humo ndani ni ule uzi tu unaolia darini.

Ikagonga tena. Akalishika jiwe, akachukua chaki, akasimama mbele ya ubao. Hakuandika.

"Andika, mwanangu," alisema Profesa.

"Mwalimu, ile saa inaendeshwa na nini?"

"Na jiwe. Unajua."

"Likibembea mara ngapi ndiyo igonge?"

Profesa hakugeuka kuutazama ukuta. Hakuwa na haja.

"Basi sisi tumeiuliza namba, na namba imejijibu," Mwatumu akasema. Hakuwa anabisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe amekosea.

Profesa Lumuli akanitazama mimi, kisha akautazama mlango. Akainuka kwenye kiti chake, akaja hadi ubaoni, akasimama karibu naye kama watu wanaozungumza msibani.

"Mimi nilitumia kivuli cha ngazi," akasema. "Ngazi ya mama yangu, ilikuwa nyuma ya nyumba. Nilikuwa kijana. Nikapata pungufu."

"Pungufu kiasi gani?"

Akamnong'oneza. Mwatumu akaweka mkono mdomoni, chaki ikamwachia alama nyeupe shavuni. Ilikuwa ileile yake. Ileile kabisa, haikupungua wala kuzidi. Wakatazamana wale watu wawili, na kwa muda mfupi nyuso zao zilikuwa na furaha ambayo sikuiona kwa mtu mwingine yeyote Shartini, hata kwa maharusi.

"Sasa uliandika nini, Mwalimu?"

"Si unaona ninakaa wapi."

Furaha ikatoka usoni mwa Mwatumu taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Nilijiambia hivi," Profesa akaendelea, haraka sasa. "Niandike ya ukutani, nipate shahada, kisha niwafundishe vijana ile yangu. Mtu akiwa ndani ndiyo ana nguvu. Nawe fanya hivyo. Una watoto wanaokungoja, nasikia."

"Ukawafundisha?"

Alirudi kwenye kiti chake. Akaiweka sawa taa ambayo ilikuwa sawa.

"Bado," akasema.

Kisha akanigeukia. "Shahidi, umesikia lolote?"

"Inasemekana," nikajibu. Nilidhani nimefanya mzaha mzuri. Hakuna aliyecheka.

Mwatumu akaugeukia tena ubao. Nilikuwa namwona mgongo tu, mgongo wa mtu aliyeinamia cherehani miaka mingi. Halafu akanyoosha mkono akaandika, tarakimu moja moja, bila kuutazama ukuta. Profesa akasema amefaulu. Alilisema hilo akitazama chini.

Bado Moja hawakulala. Kombo alipika pilau mwenyewe, akaiunguza, tukaila. Siku ya mahafali Mwatumu alivaa joho alilolishona kwa mkono wake, na lilimkaa vizuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Watoto wakamzunguka barazani.

"Sema, Bi Mwatumu! Sema sasa!"

Akaokota jiwe, akalipima kiganjani. "Hili jiwe ni zito," akasema.

Walipiga makofi na vigelegele kama ameliumba yeye. Akaliachia, likaanguka. Yule mtoto mkubwa, aliyekuwa ameacha kuuliza, akauliza tena: katika saa moja, jiwe lake la uani hubembea mara ngapi? Mwatumu akafungua mdomo, akatutazama sisi watu wazima tuliokuwa nyuma yao, na miongoni mwetu alikuwamo Bwana Sengondo, amekuja na zawadi ya kanga.

"Nitawaambia darasani," akasema.

Darasa halikufunguliwa wiki ile. Mhitimu haruhusiwi kuishi Bado Moja, kwa hiyo alihamishiwa nyumba za Chuo, upande wa pili wa ukuta, ambako watoto hawaingii. Tena kulikuwa na sharti dogo, lile la juu kabisa langoni ambalo halisomeki kutoka chini: mhitimu mpya atatumikia ukumbi wa Bembea kwanza, mpaka apatikane mhitimu mwingine wa kumpokea. Na kwa jinsi Bado Moja ilivyo, wahitimu hawapatikani mara kwa mara. Profesa Lumuli alikuwa ameanza kuugua, mikono ikimtetemeka zaidi, na alifurahi kupata msaidizi.

Nilipokuwa naondoka nchini humo nilipita ukumbini kumuaga. Nilimkuta peke yake, anaandaa mtihani wa siku hiyo. Alinichangamkia, akaniuliza habari za Kombo, akasema maji ya upande ule ni baridi sana. Alilisema vizuri, kwa uhakika, na nilimpongeza.

Kisha nikamuuliza, maana sikuwa nimeisikia vizuri siku ile waliponong'onezana, na nilitaka niondoke nayo. "Ile namba, Bi Mwatumu. Ilikuwa ngapi?"

Akanitajia.

"Hiyo ni ya ukutani," nikasema. "Nauliza ile yako."

Midomo yake ikaenda kidogo, kama siku ile alipokuwa anahesabu, kisha ikasimama.

"Nyingine sina," akasema.

Nilimtazama nione kama ananitania, maana kwa kaka yake nilizoea kutaniwa. Alikuwa ameshika ubao wa dirisha, ananingoja nitoke apate kufunga.